Je, Wajua? Vyuma Chakavu Vinavyogeuka Vidani

Bomba la maji lililokatika, kufuli lililopotelewa na ufunguo, kitasa kilichong'olewa mlangoni: vyote hivi huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu na kulipwa kwa kilo. Katika karakana za Kibera, Nairobi, ndivyo vinavyozaa hereni na bangili zinazovaliwa hadi Ulaya. Fundi huvichambua kwa rangi na uzito, huondoa springi na misumari kwa sumaku, kisha huviyeyusha ndani ya chungu kilichozungukwa na makaa yanayopulizwa kwa feni. Brasi, ile shaba ya manjano, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 900 na ushei. Humiminwa kwenye kalibu ya mchanga ulioshindiliwa, na ikipoa hutoka ikiwa na ngozi nyeusi na kingo zinazokata. Hapo ndipo mikono huanza kazi yenyewe: tupa, nyundo, msasa, halafu msasa laini zaidi.

Wengi hudhani ufundi huu umekuja juzi pamoja na wito wa kutunza mazingira. Sivyo. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakivaa vyuma vilivyomaliza kazi nyingine tangu kabla ya bibi za bibi zetu kuzaliwa, na historia hiyo ina mambo mengi yanayostahili kusimuliwa.

WAYA ULIPOHESABIWA KAMA DHAHABU

Je, wajua kwamba katika karne ya 19 msafara wa kwenda bara haukuweza kuondoka Bagamoyo bila waya wa shaba? Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwaka 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta David Livingstone, aliwauliza wafanyabiashara wa Kiarabu achukue bidhaa gani. Aliyojifunza aliyaandika: kule aendako, ushanga ulikuwa chenji, kitambaa kilikuwa kama sarafu ya fedha, na waya, ukishavuka Ziwa Tanganyika, ulikuwa na cheo cha dhahabu. Alinunua frasila 10, yaani pauni 350, karibu kilo 159, za waya wenye unene wa ule wa telegrafu. Wapagazi waliubeba mabegani katika mizingo mikubwa. Watu wa misafara waliuita masango.

Waya huo ulikuwa fedha ya matumizi, lakini haukukaa muda mrefu katika hali hiyo. Richard Burton, aliyepita njia hiyohiyo kati ya 1857 na 1859, alieleza vitindi, yaani bangili za waya mnene uliozungushwa kuufunika mkono, na pia vikuku vya waya mwembamba uliosokotwa juu ya singa za mkia wa tembo au twiga. Kuufanya waya mnene uwe mwembamba kama uzi ni kazi ya subira. Wahunzi wa bara waliupasha moto ukalainika, wakaupenyeza kwenye tundu la kipande cha chuma na kuuvuta kwa nguvu, halafu kwenye tundu dogo zaidi, na kuendelea hivyo, wakiurudisha motoni kila ulipoanza kukakamaa. Sonara wa leo ana kibao cha chuma chenye matundu yaliyopangwa kwa ukubwa, na anafanya vilevile.

Kikuku kikikatika hakikutupwa. Kilirudi kwa mhunzi kikatoka kikiwa pete, au ncha ya mapambo kwenye bakora, au waya mpya kabisa. Shaba iliyoingia bara mgongoni mwa mpagazi ilizunguka huko kwa vizazi.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, na pembeni mwake zilitandazwa nyaya za telegrafu. Wanandi, ambao ardhi yao ilipitiwa bila ridhaa yao, walizikata nyaya hizo wakatengeneza mapambo, na ribiti na boliti za reli wakazifua kuwa silaha. Waingereza waliuita wizi wakapeleka majeshi. Charles Eliot, kamishna wa Waingereza wa Afrika Mashariki, aliona jambo ambalo wenzake hawakutaka kuliona. Aliwaambia wasomaji wake Ulaya wafikirie reli yao wenyewe ingekuwaje kama nyaya za simu zingekuwa mikufu ya lulu na vyuma vya reli vingekuwa bunduki nzuri za kuwindia. Vita viliendelea hata hivyo, na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kwenye mkutano ulioitwa wa amani.

Mimi siuiti wizi. Mgeni alitundika mali ya thamani kubwa juu ya ardhi ya watu asiowauliza, na wenye ardhi wakaitumia kwa kazi waliyoiona ni bora.

Lakini waya wa leo ni habari nyingine, na fundi mwaminifu anaijua tofauti. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka Nairobi baada ya kufunguliwa vyuma vyake, na sehemu kubwa ya Kenya ikakosa umeme. Mwezi huohuo serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, marufuku iliyodumu hadi Mei, na maelfu ya mafundi ambao hawakuwahi kugusa mnara wakakaa bila malighafi. Shaba ya transfoma inapoletwa karakanani usiku kwa bei ya kutupa, anayeinunua anazima taa za hospitali.

MKONO ULIOTENGWA

Miongoni mwa Wamaasai, ufuaji wa vyuma ulikuwa kazi ya Ilkunono. Mikuki, sime, njuga na vikuku vilitoka kwao, na hakuna moran aliyeweza kusimama kama moran bila kazi ya mikono yao. Hata hivyo walitengwa. Koo nyingine hazikuoana nao, na kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi kilitakaswa kwa mafuta kabla ya kushikwa. Jambo hili linaniuma kila ninapoona picha za vito vya Kimaasai zikisifiwa duniani kote: tunavijua vito, na waliovifua hatuwataji.

METALI YA WAFALME ILIYOISHIA JIKONI

Je, wajua kwamba alumini, ile ya sufuria, iliwahi kuonyeshwa kwenye duka la vito kama johari? Mwaka 1884 kilele cha mnara wa kumbukumbu ya George Washington kule Marekani kilitengenezwa kwa alumini, kipande chenye uzito usiofika kilo 3. Kabla ya kupandishwa juu kilionyeshwa kwenye duka la Tiffany, New York, na watu wakaenda kukitazama. Wakati huo alumini ilikuwa ngumu mno kutenganishwa na udongo wake, na bei yake ilikaribia ya fedha. Miongo mitatu kabla ya hapo, mafundi wa Paris walikuwa wakiifanya vidani na bangili za matajiri wa zama za Napoleon III.

Miaka 2 tu baada ya kilele hicho, mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja bila kumjua mwenzake, waligundua njia ya kuitoa alumini kwa umeme. Bei ikaporomoka. Mwaka 1907 ilikuwa nafuu kiasi kwamba sarafu za kwanza duniani za alumini za kutumika sokoni zilitolewa kwa ajili ya makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki na ya Magharibi. Senti hiyo ya kwetu ilikuwa na tundu katikati. Haikudumu, kwa sababu joto, unyevu na jasho viliitoboatoboa, na baada ya muda mfupi ikabadilishwa.

Kutoka hapo alumini ikaingia jikoni, na kutoka jikoni ikarudi masikioni. Waturkana na Wapokot wa kaskazini mwa Kenya huyeyusha sufuria zilizotoboka na kutengeneza bangili, hereni na vipuli bapa vyenye umbo la jani. Alumini inawafaa wahunzi wa nchi kavu kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo makaa ya mgunga na mivukuto miwili ya ngozi huweza kulifikia bila taabu. Ni nyepesi sikioni hata kipuli kikiwa kikubwa, haishiki kutu, na ikisuguliwa kwa mchanga laini huwaka juani kuliko fedha inayofubaa kwa hewa.

Ukikiweka kipuli kimoja cha Kiturkana mezani kando ya kidani cha Paris cha mwaka 1858, metali ni ileile. Kwangu kipuli ndicho bora. Cha Paris kilipendwa kwa sababu alumini ilikuwa ghali. Cha Turkana kinapendwa kwa umbo lake, maana kila mtu anajua kilikuwa sufuria.

SARAFU INAYOFIA KWENYE PETE

Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yenye sura yake iliendelea kutengenezwa ikiwa na mwaka huohuo wa 1780 kwa zaidi ya karne na nusu, hata katika viwanda vya London, Rome na Bombay. Sababu ni kwamba wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Oman na Unguja hawakuamini sarafu nyingine. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 na fedha safi ya gramu 23 na kitu, na wazee waliikagua kwa kuhesabu lulu za kwenye bruchi ya malkia.

Kwa sonara wa Nizwa au wa Muscat kule Oman, sarafu ile ilikuwa donge la fedha lililokwisha kupimwa. Bibi harusi alileta sarafu hizo kadhaa, zikayeyushwa, zikatoka bangili na mikufu. Wakati mwingine moja iliachwa nzima ikatundikwa katikati ya kidani. Vito hivyo vilikuwa mali ya mwanamke mwenyewe, akiba yake ya siku ya dhiki. Na alipofariki, mara nyingi viliyeyushwa upya, kwa kuwa bibi harusi mwingine alitaka vyake vipya. Ndiyo maana vito vya fedha vya Oman vilivyopita umri wa miaka 100 ni adimu hivyo katika majumba ya makumbusho, ingawa ufundi wenyewe ni wa kale sana.

Kwetu pia sarafu zimevaliwa. Zile senti za shaba zenye tundu, zilizotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja wakati wa ukoloni, zilitungwa kwenye uzi zikawa mikufu na mapambo ya kiunoni. Shilingi za Afrika Mashariki zilizotengenezwa kuanzia 1921 hadi katikati ya miaka ya 1940 zilikuwa na robo ya fedha halisi. Zile za 1948 na kuendelea hazina fedha hata chembe. Kama unazo za bibi kwenye kopo, nakusihi usiziyeyushe. Fedha iliyomo ni kidogo na haitatosha hata pete nzuri, na sarafu ikishayeyuka haisimulii tena ilikopita.

Pia kuna sarafu zilizozaliwa na chakavu. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea na meli za Waingereza zikiwa zimefunga bahari, Wajerumani walianzisha kiwanda cha sarafu ndani ya karakana ya reli mjini Tabora. Heller 5 na heller 20 zilipigwa kwa brasi na shaba iliyookotwa, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilitengeneza rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo leo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima.

BANGILI MILIONI 32 KWA KILO

Afrika Magharibi bangili yenyewe ndiyo iliyokuwa sarafu. Manila, bangili ya shaba au brasi iliyoachwa wazi kama kiatu cha farasi, ilitengenezwa Ulaya kwa wingi na kutumika kununulia pilipili, pembe na, kwa aibu ya dunia, watu. Mwaka 2023 wanasayansi wa Ujerumani walionyesha kwa vipimo vya kikemikali kwamba manila zilizotoka eneo la mto Rhine ndizo zilizoyeyushwa na mafundi wa ufalme wa Benin kutengeneza sanamu zao mashuhuri. Manila za mwisho ziliondolewa sokoni Nigeria mwaka 1948 na 1949. Serikali ya kikoloni ilikusanya zaidi ya milioni 32 na kuziuza kama chakavu.

RISASI MASIKIONI

Vita huacha metali nyingi, na nzuri. Ganda la risasi ni brasi safi yenye shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, mchanganyiko unaokubali kufuliwa bila kupasuka. Katika vita vya kwanza vya dunia, askari wa Ufaransa waliokaa miezi mahandakini waliokota vifyatulio vya alumini vya mizinga ya Wajerumani, wakavikata vipande, wakatengeneza pete za kuwapelekea wake na wachumba zao. Kwenye milima ya Entoto juu ya Addis Ababa, wanawake wa Ethiopia hutengeneza shanga kwa maganda ya risasi na mizinga ya vita vilivyopita. Hutungwa kuwa mikufu ambayo mvaaji asipoambiwa hawezi kukisia.

Laos ndiko kwenye habari nzito kuliko zote. Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha huko mabomu ya zaidi ya tani milioni 2, na hakuna nchi iliyopigwa mabomu mengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Katika kijiji cha Ban Napia, mkoa wa Xieng Khouang, familia huyeyusha alumini ya vifyatulio, ya makopo ya mwanga wa kivita na ya mabawa ya ndege kwenye tanuri ndogo za udongo. Huimimina kwenye kalibu za mbao na majivu. Walianza na vijiko vya kulia supu. Watalii walipokuja wakaongeza bangili. Mabomu madogo yapatayo milioni 80 hayakulipuka na bado yamo ardhini, kwa hiyo mtu anayetafuta chakavu shambani anatafuta pia kifo. Anayenunua bangili hiyo anapaswa kujua jambo hilo, na kuuliza metali ilikaguliwa na nani.

Kongo nayo imo. Kampuni ya Marekani iitwayo Fonderie 47 ilichukua chuma cha bunduki za AK-47 zilizokusanywa na kuharibiwa mashariki mwa Kongo, na kukifanya pete, vifungo vya mikono ya shati na vidani. Pambo lilibeba namba ya bunduki iliyolizaa. Bei zake zilikuwa za matajiri, na mauzo yalisaidia kuharibu bunduki nyingine.

HOMA ISIYO MALARIA

Hapa naomba kila fundi asome polepole, na anayefundisha vijana awasomee.

Zinki iliyomo ndani ya brasi huanza kuchemka kwenye nyuzi 907, karibu joto lilelile la kuyeyushia brasi yenyewe. Ndiyo maana moshi mweupe hupanda chunguni na kuacha unga kama wa ngano kwenye kuta. Ukiuvuta, baada ya saa chache unapata baridi ya kutetemeka, homa, kiu, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni. Kwa siku moja au mbili hupoa. Katika nchi zenye malaria mafundi wengi humeza dawa wakidhani wameumwa na mbu. Mwili huzoea wiki ikiendelea, na mapumziko ya Jumapili huondoa mazoea hayo. Ndiyo maana homa hii hujulikana kwa kuja Jumatatu. Maziwa wanayokunywa mafundi hayaizuii. Kinachozuia ni kukaa upande unakotoka upepo, kufanya kazi nje au chini ya dohani, na kutochoma kamwe bati au ndoo iliyopakwa zinki.

Homa hiyo hupita. Madini ya risasi hayapiti, hujikusanya mwilini. Mabomba na makufuli ya zamani huwa na risasi kidogo ndani ya brasi ili iwe rahisi kuchongwa kiwandani, na vumbi la tupa huibeba hadi kwenye mikono, kwenye chapati na kwenye nywele za mtoto anayelala karibu na karakana. Oga, badili nguo, usile ulipofanyia kazi. Na usitumie metali ya betri za gari au vizito vya nyavu kwa pambo lolote, hata kama inayeyuka kwenye moto wa jikoni. Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtoto wa miaka 4 alikufa baada ya kumeza kidani kidogo cha bangili kilichopimwa kikakutwa ni risasi kwa asilimia 99.

Jambo la tatu ni maji. Tone moja likinaswa chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600 kwa kufumba na kufumbua, na metali hurushwa usoni. Kalibu ya mchanga iwe na unyevunyevu wa kushikana tu, na kipande cha chakavu kikaushwe kabla ya kutumbukizwa chunguni.

VUMBI LENYE MALI

Katika mtaa wa masonara wa Zaveri Bazaar, Mumbai, kuna watu ambao riziki yao ni kufagia njia na kuzoa tope la mitaroni mbele ya karakana, kisha kulichekecha kwenye karai mpaka chembe za dhahabu zibaki chini. Birmingham, Uingereza, wenye karakana waliyatunza maji waliyonawia wafanyakazi, wakachoma matambara na aproni kuukuu, na kuuza majivu kwa wasafishaji wa dhahabu. Fundi wa brasi hana haja ya kwenda mbali hivyo, lakini unga wa tupa alioukinga kwenye ngozi chini ya meza mwaka mzima unarudi chunguni.

NISHANI ZILIZOTOKA KWENYE SIMU

Nishani za michezo ya Olimpiki ya Tokyo, zipatazo 5,000, zilitengenezwa kwa metali iliyotolewa kwenye vifaa vya umeme walivyochanga wananchi wa Japani kati ya 2017 na 2019: tani 78,985 za vifaa, zikiwemo simu milioni 6.21. Zikapatikana kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba. Nchini Uingereza, kiwanda cha sarafu cha serikali kimetengeneza vito kwa fedha iliyotolewa kwenye filamu za picha za eksirei za hospitali, na mwaka 2024 kilifungua mtambo kusini mwa Wales wa kutoa dhahabu kwenye bodi za kompyuta. Kufanya hivyo nyumbani kwa tindikali na moto, kama vijana wafanyavyo kwenye majalala ya miji mingi ya Afrika, kunaua mapafu na visima. Hiyo si kazi ya juakali.

MFUPA UFUKONI

Ule mfupa mweupe, mwepesi, uliochongoka ncha mbili, ambao mawimbi huuacha kwenye fukwe zetu, ni mfupa wa dome, jamaa wa ngisi. Masonara wa nchi nyingi huutumia kama kalibu. Hukatwa vipande viwili, vikasuguliwa vikalingana, pete ya mfano ikabanwa katikati hadi ikaacha alama, kisha ukachongwa mfereji wa kumiminia. Hustahimili fedha iliyoyeyuka kwenye nyuzi 962 kwa mmimino mmoja au miwili, na metali hutoka na mistari ya tabaka za mfupa, kama mchanga uliopitiwa na maji kupwa. Nashangaa kwa nini mafundi wengi wa pwani wanaupita tu.

Lamu, kwa upande wao, masonara hupachika kwenye pete za fedha vigae vya sahani na bakuli kuukuu za kaure, na rangi ya samawati ya kale huonekana kidoleni.

MTOTO ALIYEOKOTA NYAYA

Mchongaji Alexander Calder wa Marekani, maarufu kwa sanamu zinazoning'inia na kucheza na upepo, alianza na vito. Mwaka 1906, akiwa na miaka 8, aliokota vipande vya waya wa shaba vilivyoachwa barabarani na mafundi wa nyaya huko Pasadena, California, akavitengenezea wanasesere wa dada yake vito. Katika maisha yake alitengeneza vito vipatavyo 1,800, vingi kwa waya wa brasi uliopigwa nyundo, vingine vikiwa na vipande vya vioo na vigae. Alikwepa kulehemu. Alikunja, alisokota, akapiga ribiti, na pete nyingi za mzunguko alizozifanya zingeeleweka mara moja kwa mhunzi wa Unyamwezi wa mwaka 1860.

Njia yake ndiyo nzuri ya kuanzia kwa yeyote asiye na tanuri. Waya wa shaba wa nyumbani, ulioondolewa plastiki kwa kisu na si kwa kuchomwa, unatosha. Ukiupiga nyundo unakakamaa, na ukiendelea bila kupumzika unapasuka. Basi upashe moto hadi uone wekundu hafifu kivulini, halafu utumbukize majini: tofauti na chuma cha pua cha visu, ambacho kikichovywa kikiwa cha moto huwa kigumu, shaba hulainika, na unaweza kuanza kupiga tena. Ukivaa pete yake kidole kikawa kijani, usiogope. Ni jasho na shaba vimetengeneza chumvi, na sabuni huiondoa. Ukwaju au ndimu yenye chumvi hurudisha mng'ao kwa dakika chache.

Na kuna siri moja ya karakana ambayo humshangaza kila mwanafunzi. Tindikali iliyotumika kusafishia shaba hubaki na shaba ndani yake. Ukiingiza humo koleo la chuma kutoa pete ya fedha, pete inatoka nyekundu, imepakwa shaba mwili mzima, kwa kuwa chuma huyeyuka na kuisukuma shaba itoke majini ishike popote palipo karibu. Mafundi wazoefu hutumia koleo la shaba au vijiti vya mianzi.